Udongo mweusi Lindi: mchanga, chokaa au msingi wa rafti?

Tandahimba_Boy: Wakuu, hela ya korosho imeingia, nataka kuanza msingi kabla mvua haijakolea. Kiwanja kina udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka. Fundi anasema tuutoe tujaze mchanga, injinia anataka rafti, lile bamba moja la zege chini ya nyumba nzima, mzee wangu anasema chokaa. Nishike lipi?

Nondo12: Lindi ipi? Vyumba vingapi? Huo mweusi unashuka futi ngapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Tandahimba_Boy: Mingoyo, upande wa bondeni. Vyumba vitatu. Kina sijapima.

MamaNabila: Chimba shimo kwanza mdogo wangu. Mimi nilijenga kiangazi, ardhi kavu kama jiwe, nikaona msingi wa mawe futi tatu unatosha. Mvua zilipokolea mlango wa chumbani ukagoma kufunga, nikamgombeza seremala wa watu. Kiangazi kikarudi, ufa ukaanzia kona ya dirisha hadi kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta, kidole kinaingia. Tukaziba kwa saruji, ukatokea pembeni. Kumbe maji ya bati yote yalimwagika kona ile ile, na karo la maji machafu lipo hatua nne tu. Upande huo udongo umevimba, kwingine umesinyaa. Ukuta nikaubomoa.

Nondo12: Pole dada. Mchanga ndiyo siutaki kabisa. Shimo la mfinyanzi ukilijaza mchanga umetengeneza beseni, maji yanaingia hayatoki. Weka kifusi kinachoshikana, shindilia kila sentimita 15, na shimo livuke ukuta pande zote.

Msimbati: Mtwara tunajengea mchanga miaka yote, nyumba zipo.

Nondo12: Nyie mchanga mmeukuta hapo hapo. Yeye chini ana mfinyanzi.

Kikwetu77: Chokaa inafanya kazi, hata barabara hutibiwa hivyo, asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Ila mabonge yasagike yote. Kwa jembe mtachoka.

Msimbati: Ya matumbawe bei rahisi.

Kikwetu77: Kuvunja matumbawe ya baharini ni kosa, usimponze mwenzio.

Tandahimba_Boy: Rafti itanigharimu kiasi gani? Halafu kuna mikorosho miwili ya marehemu bibi, mita tatu toka kona.

MamaNabila: Heee! Hilo ulikuwa unaficha?

Nondo12: Mizizi inanyonya maji, udongo unasinyaa upande huo. Na ukiikata leo ukajenga kesho, maji yanarudi, unavimba. Sogeza nyumba.

Tandahimba_Boy: Kiwanja ni mita 20 kwa 20, niisogeze wapi?

Msimbati: Inazaa bado?