Nina miaka 46, ni mama, nacheza gemu: nijiandikishe mashindano ya ofisini au niache?

Pasi_Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nacheza gemu la mpira karibu kila usiku watoto wakishalala, na si kwa kubahatisha. Mtandaoni nafunga watu ambao wangejua wamefungwa na nani wasingepata usingizi. Mume wangu anajua na hana neno. Mwanangu mkubwa anajua pia, ila juzi rafiki zake walipobisha hodi aliiwahi pedi ya gemu mezani akaisukuma chini ya mto wa kochi, kisha akanitazama kwa jicho la "mama, nielewe tu."

Sasa kazini wametangaza mashindano. Tangazo linasema "vijana wetu, njooni mtuonyeshe ubabe," na chini yake: "kina dada mtatusaidia kushangilia." Hakuna aliyenikataza, ni vile tu hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu kama mimi. Nasimamia idara, na baadhi ya hao vijana ningeweza kuwazaa. Nikishinda watasema waliniachia kwa ajili ya cheo. Nikifungwa watasema tulijua. Nishaurini.

Jiwe_Gizani

Mama wa miaka 46 na pedi mkononi? Kila jambo lina umri wake. Waachie watoto.

Benchi_la_Nyuma

@Jiwe_Gizani mkuu, wewe dakika 90 unakaa kumtazama mwenzio akicheza, na huo unauita utu uzima. Huyu anacheza mwenyewe robo saa halafu analala. Mtoto hapo nani?

Kaseti_ya_Zamani

Watu wanadhani gemu lilizaliwa kwenye chumba cha mvulana. Mwaka 1972 mashine ya kwanza ya Pong, gemu la kupigiana mpira kwenye skrini, iliwekwa baa, na baa haikuwa ya watoto. Mjapani Toru Iwatani alipobuni gemu la Pac-Man, lililotoka 1980, alisema wazi alitaka gemu litakalowavuta na wanawake waingie kwenye kumbi za michezo. Gemu la Centipede la 1981 lina mkono wa mwanamke, Dona Bailey. River Raid ya 1982 aliiunda mwanamke mwingine, Carol Shaw.

Kilichogeuza mambo ni biashara. 1983 soko la Marekani lilianguka vibaya, na wenye maduka hawakutaka kusikia habari za gemu. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, walipoingia kule 1985 walikiuza kifaa chao kama kitu cha kuchezea watoto, hata roboti wakaiambatanisha nacho. Duka la vitu vya watoto lina rafu ya wavulana na rafu ya wasichana, na mzigo hauwezi kukaa katikati. Ulikwenda kwa wavulana, matangazo yakaufuata. Kufika 1989 kifaa kipya kinaitwa Game Boy. Kwa hiyo, dada, unaona aibu juu ya uamuzi wa mpanga rafu.

Namba_Hazilali

Naongezea. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliuliza watu wazima mwaka 2015: wanaume 50% walisema wanacheza gemu, wanawake 48%. Karibu sawa kabisa. Walipoulizwa nani hasa wanacheza, 60% walijibu wengi ni wanaume. Na kuna hii iliyonichekesha: miongoni mwa wanawake wanaocheza wenyewe, 57% walisema hivyo hivyo!

Pasi_Ndefu nikuulize. Ukikutana na mpinzani asiye na picha wala jina la kueleweka, kichwani unamwona nani?

Mkali_wa_Kompyuta

Takwimu hizo zinahesabu hata anayepanga pipi kwenye simu akisubiri foleni. Huyo naye mchezaji?

Benchi_la_Nyuma

@Mkali_wa_Kompyuta kwamba zinahesabu simu ni kweli. Ila sijawahi kuona mwanaume anayecheza simuni akiulizwa cheti. Na huyu dada anacheza mpira kwa pedi, kwa hiyo hoja yako imepiga mwamba.

Pasi_Ndefu

@Namba_Hazilali kijana wa kiume, kofia imegeuzwa nyuma. Kila mara. Umenikamata.

Babu_Pedi

Nina miaka 67, nacheza magari na ya kushuti. Dhana hii ina upande mwingine. Sisi wazee siku hizi tumeruhusiwa gemu, lakini kwa masharti, kama dawa. Nikisema nacheza naulizwa: "Daktari kakushauri, kwa ajili ya kumbukumbu?" Hapana! Nacheza kwa sababu kupita kona kwa kasi kunanifurahisha. Kule Japani kuna bibi anaitwa Hamako Mori. Guinness walimtambua 2020 kuwa mwanayutubu wa gemu mzee kuliko wote, akiwa na miaka 90, na anachopenda ni Grand Theft Auto, lile gemu la kuiba magari na kupigana risasi. Nendeni mkamwambie acheze fumbo la maneno.

Jiandikishe, binti yangu.

Maiki_Imezimwa

Mimi nitapinga. Nacheza ya kushuti kwa timu na sijawasha maiki muda mrefu. Nikisema tu "adui kulia," badala ya kuangalia kulia wanauliza nina miaka mingapi na kama nina mtu. Utafiti uliochapishwa 2015 juu ya Halo 3, gemu la kushuti, ulikuta wanaume waliokuwa wakicheza vibaya ndio waliomtolea maneno makali zaidi mwenzao mwenye sauti ya kike. Wanaojua kucheza walikuwa na adabu zaidi. Sasa kwenye mashindano ya ofisini wasiojua ndio wengi.

Mnamkumbuka Geguri, yule dada mchezaji wa Korea Kusini? 2016 alilenga shabaha vizuri mno kwenye Overwatch, gemu la kushuti kwa timu, akaambiwa anafanya udanganyifu. Ikabidi akacheze moja kwa moja hewani, kamera ikiangalia mkono wake. 2018 akawa mwanamke wa kwanza kwenye ligi ya Overwatch, na bado kila swali lilikuwa juu ya uanamke wake, si mchezo wake. Kijana akifungwa, kafungwa yeye. Dada akifungwa, tumefungwa wote. Kama huna hamu ya kubeba mzigo huo, kubaki na usiku wako si woga.

Kiungo_Mkabaji

Maiki_Imezimwa ana haki, lakini ofisini kuna tofauti moja: utakaa pembeni ya mpinzani wako, watu wanaona skrini. Hakuna pa kusingizia.

Umri usikutishe. Utafiti wa 2014 wa wachezaji zaidi ya 3,000 wa StarCraft 2, gemu la vita la mbinu na kasi, ulionyesha kasi huanza kushuka kuanzia miaka 24. Maana yake hata hao "vijana wetu" wengi wao kilele wameshakiacha! Na wakubwa walifidia kwa kurahisisha mchezo wao. Fanya hivyo. Usimtoe beki wa kati kwenda kukaba, kaba na kiungo, beki abaki nyumbani. Acha kushikilia kitufe cha kukimbia muda wote, wenye papara ndipo wanapoliwa. Na runinga ya ofisini iwekeni hali ya gemu (game mode) kwenye mipangilio, la sivyo vidole vitatangulia na picha itafuata.

Pasi_Ndefu

Maiki_Imezimwa, nimekusoma mara mbili, na nimeukubali ugumu wa mzigo huo. Hata hivyo nimeandika jina leo mchana. Kijana anayeratibu akanijibu: "Sawa bosi, mtoto wako anakuja saa ngapi, nimpangie kundi?"

Benchi_la_Nyuma

😂😂 Ukamwambiaje?

Pasi_Ndefu

Nimemwambia anipangie kundi lake.

Kiungo_Mkabaji

Safi. Kabla hujaanza uliza kama pedi ni zao au unaruhusiwa kuja na yako. Ya kwako vidole vimeshaizoea.