Njiti wangu akitobolewa kisigino, nifanyeje?

Mama Njiti
Habari zenu wapendwa. Binti yangu kazaliwa na wiki 30, bado yuko kwenye inkubeta. Kila akitobolewa kisigino kuchukuliwa damu anakunja uso, anatanua vidole vyote, oksijeni inashuka na mashine inaanza kulia. Natamani kumpapasa lakini naogopa kumzidishia. Niwaachie wauguzi, au kuna cha kufanya?

Muuguzi wa Wachanga
Pole mama, na hongera kwa binti. Usikae pembeni kabisa. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kichanga hasikii maumivu. Anayasikia sana, na kutanua vidole ndiko kulalamika kwake.

Kupapasa acha. Njiti wengi huchoshwa na mguso mwepesi unaotembea mwilini. Anachotaka ni mkono uliotulia. Nawa, pasha viganja joto, kimoja kifunike kichwa, kingine kikunje miguu kuelekea tumboni, na mikono yake iwe karibu na mdomo. Usibonyeze. Anayetoboa mwachie mguu mmoja tu.

Damu ikishapatikana, usibandue mikono. Wengi hukosea hapo, sindano ikitoka nao wanatoka, na mtoto anabaki akihangaika peke yake. Ngoja vidole vilegee, rangi irudi, pumzi itulie, ndipo utoe mkono mmoja, halafu wa pili, taratibu.

Hali yake ikiruhusu, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi ni bora zaidi. Kangaruu, yaani ubebaji huo, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha, ila imeonekana kwamba hata maumivu ya kutobolewa inayapunguza. Omba damu ichukuliwe akiwa hapo kifuani, na umbebe robo saa kabla.

Baba Mapacha
Naunga mkono. Kwetu shughuli ilikuwa kupimwa macho, ile taa na kile chuma cha kushikilia kope. Mke wangu hakuweza kutazama, nikaingia mimi. Nilimshika kichwa na miguu nikawa namwita jina kwa sauti ya chini, neno moja moja. Alilia, ndiyo, lakini alinyamaza mapema kuliko pacha wake aliyepimwa kabla sijafika. Kwa hiyo dada, ulizia saa ya kipimo mapema.

Mama Njiti
Asanteni mno, nimelia kusoma. Na maji ya sukari? Nimtengenezee?

Muuguzi wa Wachanga
Hapana mama, usitengeneze chochote. Ile ya wodini ni dawa, hupimwa kwa matone na kuwekwa kwenye ulimi kama dakika 2 kabla ya sindano. Wakikubali, matone machache ya maziwa yako uliyokamua nayo husaidia. Na mkikubaliana kwamba utakuwa unamshika, omba iandikwe kwenye faili lake, maana damu nyingine huchukuliwa usiku na zamu ya usiku haijui mlichozungumza mchana.