Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati: somo la wiki kwa jumuiya ya wakulima linatokaje?

Jumuiya_Uyole (Mbeya)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Jumuiya yetu ina watu kama ishirini: wakulima wa viazi na mahindi, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda. Tunakutana Alhamisi jioni kwa dakika hamsini hivi, na tumekubaliana kusoma vitabu vitano vya Musa. Tumekwama mahali pawili.

Kwanza, kila sura inaishia somo lile lile: tumtegemee Mungu, tuwe na imani. Ni kweli, lakini mtu anaondoka hajui afanye nini Ijumaa asubuhi. Walawi ndiyo kabisa, wengi wanaomba turuke twende Yoshua.

Pili, kuna ubishi haujaisha. Kwenye Kutoka 16 watu wanakatazwa kubakiza mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, hadi asubuhi, na waliobakiza wakakuta mabuu. Kwenye Mwanzo 41 Yusufu, msimamizi wa Farao huko Misri, anaweka akiba miaka 7 na nchi inapona njaa. Sasa hivi mahindi yako kwenye maturubai yanaanikwa. Wapo wanaosema kujaza ghala ni kukosa imani, wapo wanaosema kuuza yote ni ujinga. Nani kasoma vizuri?

Naomba hatua zinazofanyika.

MwalimuKilolo (Iringa)

Kamwene Mwenyekiti. Nianze na ubishi, maana ukitatuka huo, namna ya kusoma itaonekana yenyewe.

Mana ilitolewa kwa watu walioko jangwani, wasio na shamba wala mbegu. Kipimo kilikuwa pishi moja kwa kichwa, yaani lita 2 na kidogo, na siku ya sita pishi mbili. Ile ya ziada ya siku ya sita ililala na haikuoza. Tena sura hiyo hiyo, mstari wa 33, Musa anaagiza pishi nzima iwekwe na itunzwe kwa ajili ya vizazi. Kwa hiyo hata ndani ya Kutoka 16 kosa si kuweka. Kosa ni kuweka pale ambapo Mungu amekwisha kusema kesho asubuhi nitatoa tena. Kisha fungueni Yoshua 5:12: walipokula mazao ya nchi, mana ikakoma. Waliopata shamba walirudi kwenye ghala, na Kumbukumbu 28:8 inataja baraka juu ya ghala hizo.

Kwa Yusufu, watu hukumbuka ghala wakasahau kipimo. Mwanzo 41:34 inasema sehemu ya tano. Aliyevuna gunia 20 anaweka 4, kumi na sita zinabaki za kula, mbegu, ada na kuuza. Na 41:48 inasema chakula kiliwekwa katika kila mji kutoka mashamba yanayouzunguka, karibu na walaji.

Lakini msiishie hapo, na hili nalisema kwa uzito. Someni hadi Mwanzo 47:13-26. Njaa ilipokaza, watu walitoa fedha, zikaisha. Wakatoa mifugo, ikaisha. Wakatoa ardhi na miili yao. Ghala lililowaokoa ndilo lililowafanya watumwa wa Farao. Ukifungua Kutoka 1:11 unawakuta Waisraeli wenyewe wanajengeshwa kwa shuruti miji ya akiba. Msiharakishe kumtetea Yusufu. Mwandishi ameweka mambo mbele yetu bila kutoa hukumu. Swali la kuuliza jumuiya ni hili: wewe mwenye gunia 4, mwezi wa pili debe likipanda bei na jirani akabisha hodi, utamuuziaje? Uamuzi huo ufanyike sasa, kabla bei haijapanda, kwa sababu ikishapanda moyo unabadilika. Walawi 25:36-37 inakataza kumpa ndugu aliyeishiwa chakula kwa kutafuta faida. Hatua inayofanyika: gunia moja kati ya yale manne litengwe la kukopesha debe kwa debe, bila nyongeza, liandikwe kwenye daftari la jumuiya.

(Na yakauke kwanza. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, iache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, bado mabichi. Ukiyafunga hivyo yataota ukungu, na kosa hilo si la imani.)

Sasa mpangilio. Torati ina sura 187. Mkisoma moja kwa wiki ni miaka mitatu na nusu, watu watachoka kabla ya Hesabu. Ushauri wangu ni kufuata msimu wa shamba badala ya namba za sura. Sheria nyingi za vitabu hivi zilitolewa kwa watu wanaovuna, wanaopima na wanaoajiri vibarua, na kwetu mvua ni moja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo kila andiko lina mwezi wake.

Wakati wa kuvuna someni Walawi 19:9-10 pamoja na Ruthu 2. Usivune hadi pembe za shamba, usirudie masazo. Torati haitaji kiasi. Walimu wa Kiyahudi baadaye waliweka kima cha chini kuwa sehemu moja kwa 60. Kwa ekari yetu ya hatua 70 kwa 70, hiyo ni kipande cha hatua 9 kwa 9. Hakuna anayefilisika kwa hatua 9. Panapoharibika ni hapa: mtu anaacha pembe yenye viazi vilivyopigwa ukungu, au anamwita mjane avune shamba zima kisha ampe masazo kama ujira, au anaachia ng'ombe waingie siku ile ile ya kuvuna. Acheni siku tatu au nne kabla ya mifugo. Mtazameni na Boazi, mwenye shamba ambamo mjane Ruthu aliokota masazo, Ruthu 2:15-16: anawaagiza vijana wadondoshe masuke makusudi na wasimkemee. Ruthu aliondoka na efa moja ya shayiri, kama lita 22, debe na zaidi kidogo, kwa kazi ya mikono yake. Hakupewa kama ombaomba.

Wakati wa kuuza viazi ni Walawi 19:35-36 na Kumbukumbu 25:13-16. Andiko linakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Lumbesa ni lile jiwe kubwa: sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, mnunuzi anashona kilemba juu na kulipa bei ya gunia moja. Sado iliyobonyezwa kitako sokoni ni lile jiwe dogo. Hapa somo la mtu mmoja mmoja halifiki mbali, maana mkulima akikataa lumbesa peke yake, dalali anahamia shamba la pili. Kitongoji kizima kikubaliane siku moja, kinunue mizani ya kuning'iniza, na gunia lipimwe mbele ya mnunuzi. Na mkulima naye asiweke viazi vidogo katikati na vikubwa mdomoni mwa gunia. Andiko linamhusu kila anayeshika kipimo.

Agosti hadi Oktoba, majani yakikauka, Kutoka 22:6: aliyewasha moto ukashika mazao ya mwenzake sharti alipe. Halisemi alikusudia. Kwa watu wa Mufindi na Njombe wenye paini na mikaratusi jirani na mashamba ya kuchoma, hakuna haja ya mahubiri marefu. Fyeka mpaka kwanza, choma jioni upepo ukitulia, mjulishe jirani, usiondoke hadi moshi uishe.

Kwa kikao chenyewe: fungu lisomwe kwa sauti mara mbili, wasomaji wawili tofauti. Kisha maswali matatu tu: andiko lenyewe linatoa sababu gani? Linamlinda nani? Kwetu jambo lililo karibu nalo zaidi ni lipi? Dakika kumi za mwisho kila mtu anataja tendo moja la wiki, na Alhamisi inayofuata mnaanza kwa kuulizana. Bila kuulizana mtarudi kwenye "tumtegemee Mungu" ndani ya mwezi.

MamaTukuyu (Rungwe)

Ndaga Mwalimu, hilo la Mwanzo 47 lisemwe zaidi makanisani.

Naongeza kwa ajili ya akina mama na vikundi. Kumbukumbu 24:6 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu. Kwenye VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, orodhesheni mapema vitu visivyowekwa dhamana: cherehani, jembe, pampu ya kupulizia dawa, jiko la mama lishe, pikipiki ya kijana ambaye ndiyo inamlisha. Iandikwe kwenye katiba ya kikundi. Mstari wa 10 na 11 unasema mkopeshaji asiingie nyumbani kuchukua rehani, asimame nje, mwenye nyumba amletee. Hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, wanaoingia ndani kubeba televisheni na godoro mbele ya watoto wanatenda kile hasa kilichokatazwa. Jumuiya inaweza kufanya jambo moja: kuwa na mfuko mdogo wa dharura wa ada na matibabu, mtu asikimbilie huko.

Ujira wa kibarua: Walawi 19:13 na Kumbukumbu 24:15, kabla jua halijachwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni chenji. Unakuta mtu ana noti kubwa, au hela iko kwenye simu na wakala amefunga. Toa fedha na uivunje siku moja kabla ya palizi.

Sabato nayo. Amri Kumi ziko mara mbili na sababu hazifanani. Kutoka 20:11 inataja uumbaji. Kumbukumbu 5:14-15 inasema mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe, kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Binti wa kazi anayeamka saa kumi na moja kupika chai ya wanaokwenda ibadani, kisha akabaki kufua, hajapumzika. Jumapili kiporo kinatosha, vyombo vioshwe na wenye nyumba.

Na msiruke Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana. Mungu akasema wamesema kweli. Someni pia Hesabu 36, ambapo wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao, ili mtu asije akawaambia mmeficha nusu. Hapa kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini vikao vya ukoo baada ya matanga bado vinagawa migomba na chai kwa wana wa kiume peke yao. Somo hili lifundishwe wazazi wakiwa hai, waandike wosia. Kwenye matanga mmechelewa.

Mkaa_Makambako

Mengi yamesemwa. Langu ni tahadhari ya kusoma mistari nusu nusu, kwa sababu kwenye Mwanzo na Kutoka ndipo kosa hilo linapotokea.

Laana ya Hamu. Bado kuna wanaofundisha kuwa watu weusi tumelaaniwa. Fungueni Mwanzo 9:25. Anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu hakutajwa hapo, wala Kushi na ndugu zake wengine hawakutajwa. Anayetamka ni Nuhu, tena baada ya kulevuka. Na 9:1 Mungu alikuwa amekwisha kumbariki Nuhu na wanawe wote. Hakuna somo la rangi ya mtu pale. Watoto wetu wasifundishwe uongo huo hata siku moja.

Laana za ukoo. Watu wanasoma Kutoka 20:5, kizazi cha tatu na cha nne, wanaacha mstari wa 6, rehema kwa maelfu. Kumbukumbu 24:16 inaongeza kuwa watoto wasiuawe kwa dhambi ya baba zao. Mtu akiombwa fedha ili avunjiwe laana ya babu, asome mistari hiyo mitatu kabla hajafungua pochi.

Na fedha zenyewe: Walawi 5:7-11, asiyeweza kondoo wa sadaka ya dhambi alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, asiyeweza hao alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama nusu sado. Dhambi ni ile ile na msamaha ni ule ule. Kamati ya ujenzi inayopanga kiwango kimoja kwa kila kaya, ya mwenye lori na ya bibi mlea wajukuu, isome hapo kabla ya kupanga.

Mengine ya haraka: mashimo ya kufyatulia tofali yaliyoachwa wazi, Kutoka 21:33-34. Mwenye shimo analipa.

Jumuiya_Uyole (Mbeya)

Asanteni sana, Alhamisi tunaanza na Walawi 19. Swali moja, najua litaulizwa: mstari wa 19 unakataza kupanda mbegu za namna mbili shambani. Sisi sote tunachanganya mahindi na maharage. Tujibu nini?

MwalimuKilolo (Iringa)

Tumieni yale maswali matatu kwa uaminifu. Mistari ya masazo, ujira na mizani inaonyesha wazi nani analindwa. Mstari wa 19 hautoi sababu. Mahali andiko lisipotoa sababu, msibuni. Msiseme mchanganyiko unachosha udongo, maana maharage yanaongeza naitrojeni na kila mkulima wa hapa anaona tofauti. Angalieni majirani wa sheria hiyo: mstari huo huo unakataza nguo ya nyuzi mbili, na Kumbukumbu 22:9-11 inataja shamba la mizabibu, ng'ombe na punda kwenye jembe moja, sufu na kitani. Wapo wanaozisoma pamoja kama alama za Israeli kutengwa na mataifa, ingawa andiko lenyewe halisemi hivyo. Anayevaa shati la pamba iliyochanganywa na poliesta hana msingi wa kumhukumu mwenye maharage.

Sura ina mistari 37, haitatosha jioni moja. Alhamisi hii someni wa 9 hadi wa 18. Wiki inayofuata wa 32 hadi wa 37, na mizani iwepo hapo ukumbini.