Kumchora mbwa mweusi kwa pasteli mpaka mwenyewe amtambue, naombeni ujuzi

mkaa_wa_njiro
Wakuu habari za jioni. Niko Njiro hapa Arusha, nachora sura za watu kwa penseli na mkaa siku nyingi tu, sasa kuna mama jirani ana mbwa wake mzee, mweusi tii, mdomo umeshaingia mvi, anataka picha ya rangi aitundike sebuleni na amesema wazi hataki picha ya mbwa, anamtaka Simba wake, yule anayelala getini anafungua jicho moja tu mtu akipita. Pasteli laini ninazo, zile kama chaki, siyo zile za mafuta za watoto wa shule. Karatasi gani inafaa maana kwenye manila chaki inateleza tu, manyoya nayafanyaje yasiwe doa jeusi, na ule mtazamo wake unakaa wapi hasa?

vumbi_la_rangi
Karibu mkuu, mi niko Moshi. Manila achana nayo. Pasteli laini ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi kidogo sana, ndo maana rangi inawaka vile, ila inataka karatasi inayokwaruza ukipitisha kidole. Kwa kujifunza nenda duka la vifaa vya ujenzi chukua msasa wa maji namba 400 au 600, unapokea rangi juu ya rangi vizuri tu. Kazi ya mama sasa tafuta karatasi yenyewe ya pasteli isiyo na asidi, msasa haukutengenezwa kukaa ukutani miaka.

Manyoya: kijiti cheusi kiweke mbali kwanza. Mtoe huyo mbwa nje asubuhi umwangalie, mgongoni ana bluu ya anga, panapopigwa na jua kahawia inatokeza, chini ya kidevu kuna wekundu wa udongo unaorudi toka chini. Anza na zambarau nzito na bluu ya usiku, panda kwenda kwenye mwanga, cheusi kiingie mwishoni puani na kwenye ukingo wa kope basi. Na usisugue kila kitu kwa kidole, Degas yule mchoraji Mfaransa alikuwa anapanga mistari ya rangi tofauti juu kwa juu na macho yako ndo yanazichanganya.

Unga ukijaa usipulize jamani, gonga ubao kwa nyuma udondoke, na vaa barakoa, rangi nyingine zina kadimiamu, metali yenye sumu.

binti_rau
Kaka mi niseme kuhusu mtazamo maana hapo ndo kazi ilipo. Watu wanahangaika na unywele mmoja mmoja wakati hisia ya mbwa iko juu ya macho, pale penye nyusi. Kuna utafiti wa 2019 walilinganisha misuli ya uso ya mbwa na ya mbwa mwitu wa nchi za baridi wakakuta mbwa wa nyumbani ana msuli imara wa kuinua nyusi upande wa ndani, wenzake kwa kawaida hawana, ndo ile sura ya kuomba ugali ambayo huwezi kuikatalia. Kwa hiyo kivuli cha pale kichore kwa makini kuliko mwili wote. Na mbwa mzee mboni yake inakuwa na ukungu wa bluu kijivu, usimpe macho ya mtoto, huo ukungu ndo umri wake. Nukta ya mwanga ikae upande uleule macho yote mawili.

Picha za simu ulizopiga umesimama ziache, zinakuza pua na kichwa. Chuchumaa usawa wa macho yake, rudi nyuma kidogo, bila flashi. Ila kaa naye kwanza hapo getini bila simu.

mkaa_wa_njiro
Ahsanteni sana, hilo la nyusi sikuwahi kulisikia popote. Jicho moja limefunga lingine wazi, nimchore hivyohivyo? Na nikimaliza nipulizie dawa ya kushikisha unga?

vumbi_la_rangi
Hivyohivyo mkuu, huyo ndo Simba wa mama. Dawa inatia giza na kufifisha ile mianga ya juu, mi natumia kidogo kwenye tabaka za chini tu. Mwambie fundi fremu aweke kadibodi nene iliyokatwa dirisha kati ya picha na kioo, kioo kikigusa pasteli kinaondoka na unga wote.