MJADALA: Kampuni za intaneti zilazimishwe kumpa kila mteja IP ya umma (anwani ya kufikiwa kutoka nje), au tukubali yaishe?

Mpiga Poti (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Nina kiseva nyumbani Kigamboni, na dukani Buguruni nina kamera nne na programu ya mauzo niliyoiandika mwenyewe. Hatua za kupokea wateja kwenye kodi, socket(), bind(), listen(), accept(), zote ziko sawa, ukijaribu ndani ya wifi inapokea fresh kabisa. Ukiwa nje, kimya. Nimefungua poti (mlango) 8080 kwenye rauta, wapi. Kuja kuangalia vizuri IP ya rauta inaanza na 100.72 halafu nikijicheki mtandaoni inakuja nyingine kabisa, kumbe niko nyuma ya CGNAT, yaani mimi na wateja sijui mia ngapi tunagawana IP moja. Nikapiga huduma kwa wateja, dada ananiuliza umejaribu kuzima na kuwasha? Mwisho wa siku naambiwa IP ya umma ni ya wateja wa biashara, niongeze hela kila mwezi. Sasa hii ni intaneti au nusu intaneti? TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, waingilie au ni mimi nadai makubwa?

root wa Tandika
Mkuu IPv4, hizi IP za kawaida, zilishaisha. Dunia nzima ziko bilioni 4 na ushee, IANA, wagawaji wakuu, waligawa mafurushi ya mwisho 2011, na hawa wetu wa Afrika, AFRINIC, tangu mwanzoni mwa 2020 wako kwenye awamu ya mwisho, wanagawa kwa kijiko. Hiyo 100.72 yako iko ndani ya 100.64 mpaka 100.127, iliyotengwa 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kugawana. Ni flati ya geti moja, wapangaji wote wanatoka bila shida, ila mgeni akija akasema namtaka Juma, askari anajua Juma yupi? Dawa ni IPv6, mfumo mpya wenye namba za kumtosha kila mtu.

Mzee Telnet
Mshukuruni huyo CGNAT. Mirai, programu ya wadukuzi ya 2016, ilibeba kamera kama hizo zako kwa kupitia telnet poti 23 na password za kiwandani, na wewe unalilia za kwako ziwe hewani. Tatizo vijana wa siku hizi mnaandika mstari mmoja, app.listen(3000), mnajiita maprograma, accept() inarudisha nini hamjui.

Bi Terminal
Mzee, jamaa kakutajia hatua zote nne kwa mpangilio, ulisoma au ulikuwa unatafuta pa kutemea? accept() inarudisha fd (namba ya muunganisho) mpya ya huyo mteja mmoja, soketi ya kusikiliza inabaki palepale kusubiri mwingine. Haya nipe cheti.

Mzee Telnet
Nusu ya cheti. Ile namba kwenye listen() ni ya nini?

Chalii wa Sokoni
Si idadi ya wateja wanaoruhusiwa kwa pamoja? Mimi naweka 5 kama tulivyofundishwa chuo, ila wateja ishirini wanaingia na hamna kinachoharibika, hapo ndo huwa sielewi

Mzee Telnet
Mnajionea wenyewe?

Bi Terminal
Chalii usitishwe. Hiyo ni foleni ya waliokwisha kuunganishwa na keneli (kiini cha OS) ila programu yako haijawachukua kwa accept(). SYN, SYN-ACK, ACK, zile salamu tatu za kuunganisha, zote keneli anazimaliza peke yake hata kama programu imelala. Ukiwa unaita accept() chapchap foleni haijai, ndo maana ishirini wanapita kwenye 5. Jaribu: baada ya listen() weka sleep(60), halafu piga telnet kwenye dirisha lingine, inakuandikia Connected wakati programu inakoroma. Na kwenye Linux hata ukiweka 10000 inakatwa na somaxconn, kikomo cha keneli, ilikuwa 128 miaka na miaka, keneli 5.4 ndo ikapanda 4096.

root wa Tandika
Hii imenikumbusha sehemu nilikuta ukaguzi unaonyesha poti iko wazi, kijani kitupu, na wateja wanalia. Kumbe aliyeandika kodi anasoma ombi zima la mteja mmoja ndani ya lupu ya accept() ndo amgeukie wa pili. Akiingia mmoja mwenye mtandao mbovu wote wanasimama.

Mzee Telnet
Sisi tulikuwa tunapiga fork(), nakala ya programu kwa kila mteja, na maisha yakaenda.

Kipanga255
mlikuwa na wateja wangapi mzee, 12? 😂

Mzee Telnet
Kuliko watu wanaokusikiliza wewe.

Mpiga Poti
Jamani mada ni IP ya umma.

Bi Terminal
Kodisha VPS (seva ya kukodi yenye IP ya umma), weka WireGuard (VPN), mashine ya nyumbani ndo ianze kupiga kwenda nje, keepalive (ishara ya kuweka njia wazi) kila sekunde 25. Hapo CGNAT hana neno, wageni wanapokelewa na VPS halafu wanaletwa kwako.

Mpiga Poti
Yaani nalipa intaneti, nalipa na VPS, picha za Buguruni zipande mpaka VPS huko Frankfurt, Ujerumani, ndo zishuke Kigamboni?

Mzee Telnet
Frankfurt angalau hawakuulizi umezima na kuwasha.

root wa Tandika
Ndo maana nasema IPv6. Laini yangu ya simu ninayo, faiba ya nyumbani hamna, nikiuliza naambiwa iko mbioni. Ila hata ukipewa, rauta nyingi zinazuia wanaoingia mpaka uruhusu mwenyewe, kwa hiyo Mzee na Mirai yako tulia.

Chalii wa Sokoni
samahani nje ya mada, nikizima programu nikaiwasha hapohapo inagoma, Address already in use, nasubiri kama dakika ndo inakubali. nayo ni CGNAT?

Kipanga255
😂😂😂

Mzee Telnet
Usimcheke. Kijana, hiyo ni TIME_WAIT, muunganisho uliokwisha bado unashikilia poti, kwenye Linux sekunde 60. Weka SO_REUSEADDR kwa setsockopt(), KABLA ya bind(), ukiweka baada haina kazi.

Chalii wa Sokoni
imekubali!! shikamoo mzee

Mzee Telnet
Marahaba. Sasa nani alisema wateja 12?