Nimehama MySQL kwenda PostgreSQL, data imeingia fresh ila kweri zinagoma

tebo_tupu

Wakuu habari zenu, naomba msaada nimekwama. Kuna mfumo wa mauzo ulikuwa unatumia databesi ya MySQL 5.7, ikaamuliwa uhamie databesi ya PostgreSQL 15. Data nimehamisha kwa pgloader (programu ya kuhamishia data kwenda Postgres) imeingia bila shida, tebo zote zipo na idadi ya rekodi inalingana. Kasheshe ipo kwenye kodi, yaani karibu kila ukurasa ninaofungua unanitemea erori. Mfano kweri hii (ombi la SQL kwenye databesi):

```
SELECT `id`, `jina`, IFNULL(`simu`, "hana")
FROM `wateja` WHERE `hali` = "hai"
ORDER BY `jina` LIMIT 20, 10;
```

Mwanzo ilikuwa inalalamikia koma, sasa koma ina kosa gani jamani. Nikatoa zile alama za ` zote, ikahamia kwenye LIMIT. Nikarekebisha LIMIT ikaniambia `column "hana" does not exist`, wakati hiyo hata sio kolamu ni neno tu la kuonyesha kama mteja hana simu. Kweri kama hizi zimetapakaa kwenye mafaili ya PHP kibao. Je kuna setingi yoyote ya kuiambia Postgres ielewe lugha ya MySQL, au ndo nikae nibadilishe moja moja?

mzee_wa_indeksi

Setingi hiyo haipo mkuu, utabadilisha tu. Ila ukishaelewa kwa nini inagoma utaona makosa ni yaleyale yanajirudia.

Tuanze na hiyo koma. Alama ya ` kwa MySQL inafunga jina la tebo au kolamu, kwa Postgres ile ni alama ya opereta, iko kundi moja na + na *. Kwa hiyo ilisoma `id ikaona sawa, ikakutana na ` ya pili ikasubiri kitu kingine kifuate kama vile unavyosubiri namba baada ya alama ya kujumlisha, ikakuta koma. Ndo maana erori inaonyesha koma na sio chanzo chenyewe. Ukiona Postgres inalalamikia sehemu fulani angalia na kilichopo kabla yake.

La "hana": Postgres inafuata kiwango cha SQL, nukuu mbili ni za majina ya vitu (tebo, kolamu), maandishi yanakaa kwenye nukuu moja. Ulipoandika "hana" ikaenda kutafuta kolamu inayoitwa hana. IFNULL nayo haipo, tumia COALESCE, na hiyo inafanya kazi hata MySQL.

```
SELECT id, jina, COALESCE(simu, 'hana')
FROM wateja WHERE hali = 'hai'
ORDER BY jina LIMIT 10 OFFSET 20;
```

Angalia LIMIT hapo, namba zimegeuka. LIMIT 20, 10 maana yake ruka 20 nipe 10. Ukiziandika kwa mpangilio uleule hutapata erori yoyote, utapata tu ukurasa usio wenyewe.

Na usije ukafanya kile watu wengi wanafanya, kuchukua faili zima na kubadili kila ` kuwa nukuu mbili. Jina lisilo na nukuu Postgres inaligeuza kuwa herufi ndogo, lenye nukuu inaliacha kama lilivyo, na pgloader usipoiambia vingine inashusha majina yote kuwa herufi ndogo. Kwa hiyo kolamu iliyokuwa TareheYaOda sasa hivi ni tareheyaoda, ukiandika "TareheYaOda" na nukuu haitaonekana, bila nukuu inafanya kazi. Nukuu ziache kwa majina yaliyogongana na maneno ya SQL, mfano tebo inaitwa order au user. Hiyo user ni mtego wa aina yake, `SELECT * FROM user` bila nukuu haitoi erori kabisa, inakurudishia mstari mmoja wenye jina la akaunti uliyoingilia kwenye databesi 😂 mtu anaweza akashangaa siku nzima watumiaji wake wameenda wapi.

binti_kweri

Mzee kamaliza upande wa SELECT, ngoja niongezee za kuandika data maana huko ndo utakutana na kazi.

INSERT IGNORE inakuwa INSERT ya kawaida halafu mwishoni ON CONFLICT DO NOTHING. Sio mapacha kabisa ujue, IGNORE ya MySQL inameza na makosa mengine kama thamani mbovu, hii inaruka rekodi zinazogongana tu. ON DUPLICATE KEY UPDATE inakuwa hivi:

```
INSERT INTO stoo (bidhaa_id, idadi) VALUES (7, 40)
ON CONFLICT (bidhaa_id) DO UPDATE SET idadi = EXCLUDED.idadi;
```

Kwenye mabano lazima utaje kolamu yenye unique (sharti la thamani kutojirudia), isipokuwepo itagoma. MySQL yenyewe haikuulizi ni ipi, inaangalia zote.

UPDATE yenye JOIN inageuka kuwa UPDATE ... SET ... FROM, na hapa kuwa makini sana dada/kaka yangu: tebo unayoibadilisha usiirudie tena kwenye FROM. Ukiirudia Postgres inaichukulia kama tebo nyingine ya pili, na kama hujaziunganisha kwenye WHERE unaweza kukuta umebadilisha rekodi zote. Anza na BEGIN (inafungua transaction, yaani kweri kadhaa zinazokwenda kama kitu kimoja), angalia imekuambia imebadilisha ngapi, ndo uCOMMIT kuthibitisha.

GROUP_CONCAT ni string_agg na kitenganishi lazima ukiandike, DATE_FORMAT ni to_char ila na kodi zake tofauti ('%Y-%m-%d' inakuwa 'YYYY-MM-DD'). Na zile tinyint(1) (kolamu za 0 au 1) pgloader imezigeuza kuwa boolean (kweli au si kweli), kwa hiyo `WHERE amelipa = 1` itakataa, andika tu `WHERE amelipa`.

kodi_kodi

Si uweke tu ORM (maktaba inayokuandikia SQL yenyewe) uachane na haya mambo

binti_kweri

@kodi_kodi ORM angekuwa nayo toka mwanzo sawa, sasa hivi kuiweka ni kuandika mfumo upya. Na hata wenye ORM ripoti zao huwa wameandika SQL ya mkono, ukihama zinakufa vilevile.

tebo_tupu

Asanteni sana wakuu, kurasa nyingi zimefunguka. Ila sasa kuna vitu havitoi erori na majibu sio. Nikitafuta mteja kwa jina "juma" haji mtu wakati wamo kibao, na ripoti ya asilimia ya oda zilizolipwa inaonyesha 0 kila mwezi. Halafu kuna sehemu moja inasema `current transaction is aborted` kweri yenyewe nikiirun peke yake iko poa.

mzee_wa_indeksi

Haya ndo niliyokuwa nayangoja, ya erori yalikuwa mepesi.

Kutafuta: MySQL kwa setingi zake za kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, Postgres inajali. LIKE '%juma%' haimpati Juma. Tumia ILIKE. Lakini usiishie kwenye kutafuta, hata alama ya = iko hivyohivyo, kwa hiyo mtu aliyejisajili kwa barua pepe yenye herufi kubwa akiingia na ndogo ataambiwa hayupo, na akijisajili upya unique haitamzuia. Weka unique indeksi kwenye lower(barua_pepe) na kodi nayo ilinganishe kwa lower.

Asilimia: bila shaka umeandika zilizolipwa / zote * 100. Namba nzima ukigawa kwa namba nzima Postgres inakupa namba nzima, 3/4 ni 0. MySQL ilikuwa inakupa 0.75. Andika zilizolipwa * 100.0 / zote.

Kagua na kila ORDER BY yenye kolamu zenye NULL (zisizo na thamani), kwa mpangilio wa kupanda (ASC) MySQL inaziweka mwanzo Postgres inaziweka mwisho, ukitaka za mwanzo ongeza NULLS FIRST. Mimi ningechukua kila ripoti niirun kwenye MySQL ya zamani na kwenye hii mpya nilinganishe majibu, msiizime ile ya zamani kwanza.

Hiyo ya transaction usiiangalie kweri inayolalamika, haina kosa. Kuna nyingine juu yake ndani ya transaction hiyohiyo imefeli na PHP yako imeimeza kimya kimya. MySQL makosa mengi ya hivyo ingekuacha uendelee na zinazofuata, Postgres kikiharibika kimoja inakataa vyote mpaka ufanye ROLLBACK (kuifuta transaction hiyo). Fungua logi ya seva utafute erori ya kwanza kabla ya hiyo.

tebo_tupu

Nimeiona mkuu, ni REPLACE INTO, iko ndani ya try halafu catch yake haina kitu ndani 🤦🏾

mzee_wa_indeksi

Eeh, Postgres haina REPLACE INTO. Weka ON CONFLICT DO UPDATE aliyokuonyesha binti_kweri. Ila REPLACE inafuta rekodi kisha inaingiza mpya, hii inabadilisha ileile, kwa hiyo kolamu ambazo hujazitaja zitabaki na thamani zake za zamani. Angalia kama kuna sehemu inategemea zifutike.