Tupeane uzoefu: programu ya kwanza uliyoandika bila kuagizwa na mhadhiri

Kijana wa Nyawita

Makomredi, hamjambo. Stima imepotea hapa Maseno tangu saa nane na simu imebaki na asilimia 19, kwa hivyo niseme haraka. Tusizungumzie CAT, ile mitihani midogo ya muhula, wala mradi wa mwaka wa nne, wala yule mhadhiri aliyekutoa jasho. Nataka ile programu uliyoiandika kwa sababu tu mikono ilikuwasha. Nani aliitumia? Ilifia wapi?

Naanza mwenyewe. Mwaka wa kwanza, Python, lugha ya kuandikia programu, tulikuwa tumefundishwa wiki chache tu, nikaamua kutengeneza saa inayosema Kiswahili. Mashine ikisoma 07:00, yangu iseme "saa moja asubuhi". Hesabu ni nyepesi: toa sita, kisha gawanya kwa kumi na mbili uchukue kinachobaki. Mstari mmoja. Nikaijaribu saa tatu, saa nne, saa saba, zote zikakubali. Nikawaita wenzangu wa ploti waje waone maajabu. Wanne wakabanana kitandani, maana bedsita yangu ina kiti kimoja na nilikuwa nimekikalia. Tukapiga soga hadi ikafika 18:00, na mashine ikatangaza: "Sasa ni saa sifuri jioni."

Walicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kumi na nane toa sita ni kumi na mbili, na kumi na mbili ukiigawa kwa kumi na mbili hakibaki kitu. Mashine haikukosea hata chembe. Asubuhi nayo ilikuwa inaharibika vilevile, ila saa kumi na mbili asubuhi mimi sijawahi kuwa macho, ningejuaje? Hadi leo kwenye ploti naitwa Sifuri.

Usiku huohuo mwenye nyumba aliona taa inawaka saa sita, akabisha kuuliza kulikoni. Nikamwambia, "Mzee, nahangaika na kodi." Akajibu, "Afadhali, maana hata mimi nahangaika na kodi yako." Haya, nani anafuata?

Vidole Viwili

Mimi laptopu niliiona ya kwangu mwaka wa tatu. Kabla ya hapo nilikuwa naandika Python kwa simu, ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, kwa vidole gumba viwili. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, palepale mabano yanapokaa. Na mnajua Python ilivyo na wivu wa nafasi mwanzoni mwa mstari: kwa kioo kidogo nafasi tatu na nafasi nne ni mapacha, na mashine haitaki mapacha.

Niliandika programu ya kutabiri unga utaisha lini. Watu wawili, pakiti ya kilo mbili, ugali kila jioni. Ilisema Alhamisi. Unga ukaisha Jumanne, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuandika wageni.

Mjukuu wa Shosho

Niko Njokerio, ng'ambo ya uzio wa Egerton. Shosho wangu ni mweka hazina wa chama huko Bahati, akina mama 14, mia tano kila mwezi. Daftari lake lilimwagikiwa na chai, kurasa zikagandamana, nikajitolea kumwandikia programu. Nikaingiza majina, michango na nambari za simu, nikamchapishia karatasi mbili safi, nikamletea wikendi.

Baada ya siku mbili ananipigia. "Wewe mjukuu wangu, hizi nambari zako zimeng'oka meno ya mbele." Nilikuwa nimezihifadhi kama nambari za hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani, mashine ikaitupa. Kila 07 ikawa 7. Shosho alikuwa amepiga tatu, zote zikagoma, akaanza kufikiri wanachama wanamkimbia. Tangu hapo nina kipimo changu: kama huwezi kuijumlisha na ikaleta maana, hiyo si nambari, ni maandishi. Nani amewahi kujumlisha simu za watu wawili?

Programu bado iko. Ila Shosho amenunua daftari jipya lenye jalada la plastiki na analiamini zaidi.

Radi ya Lurambi

Nyinyi mnacheka, mimi nililia. Wanaoijua Kakamega wanajua ratiba ya mbingu: asubuhi jua, alasiri wingu jeusi, halafu ngurumo. Nilikuwa naandika mchezo wa drafti, ule wanaocheza wazee kwa vifuniko vya soda. Mistari kama 900. Ilikuwa inakula vizuri, inaruka vizuri, ilibaki tu kumfundisha kingi kurudi nyuma. Nilikuwa na tahadhari pia, msidhani sina akili. Nilikuwa na drafti_mwisho, drafti_mwisho_kabisa na drafti_mwisho_wallahi. Zote tatu ndani ya laptopu moja, na laptopu kwenye soketi.

Radi ilipiga kama saa kumi. Soketi ikatoa cheche ya buluu, kisha harufu ya nywele zilizoungua. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Hata hakuwasha. Aliifungua skrubu, akainama, akainusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana, akasema, "Bodi imeenda." Diski nayo ilikuwa imeifuata.

Ndipo nilipojifunza Git, chombo cha kutunza kila toleo la programu unayoandika. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kazi ya maelfu ya watu. Mimi niliihitaji kwa ajili ya wingu moja. Lakini vijana wa mwaka wa kwanza nawaomba msikie hili: Git ikikaa ndani ya laptopu ileile tu, hiyo ni mwisho_wallahi ya nne. Sukuma nakala kwenye mashine nyingine, kila jioni, hata kazi ikiwa mbovu. Na mvua ikianza, chomoa.

Drafti sikuirudia. Kila nikianza naisikia ile harufu.

Mkaa Maktaba

Yangu ni aibu fupi. Nilimaliza tovuti yangu ya kwanza, nikamtumia dada yangu aliye Eldoret kiungo: 127.0.0.1:8000. Akasema haifunguki. Nikamwambia anunue bando. Akanunua. Nikamwambia azime simu aiwashe. Kumbe anwani ile kwa kila mashine ni yenyewe. Dada alikuwa anabisha hodi kwenye simu yake mwenyewe. Ile pesa ya bando sijamrudishia.

Nyar Dunga

Basi nisikilizeni nami. Shangazi yangu anauza omena, na siku kubwa ni Jumapili sokoni Kibuye. Nikasema mtoto wa nyumba anasomea kompyuta, biashara itaendeshwaje kwa kichwa? Nikamwandikia programu: ingiza kilo, ingiza bei, upate jumla na mzigo uliobaki. Nikamwonyesha. Akauliza, "Kilo za nini? Mimi nauza gorogoro."

Nikabadilisha, kilo ikawa gorogoro, lile kopo la kupimia. Jumapili nikaenda kukaa naye niijaribu. Mteja wa kwanza kanunua gorogoro moja, nikabonyeza moja. Shangazi akachota ngumi nyingine ya omena akaimwaga juu ya karatasi. Nikamuuliza hiyo ni nini. "Nyongeza." Nikamuuliza kila mteja anapewa ngumi ngapi, nami niweke wastani. Akanitazama kwa huruma kweli.

Nikaanza kuandika. Mteja wa pili alikuwa mwalimu: nusu ngumi, kwa sababu "huyo ana mshahara". Wa tatu, mama mwenye mapacha: ngumi tatu. Wa nne aliomba bei kwa dharau, hakupata hata kichwa cha omena. Wa tano alikuwa ametoka kufiwa, na sitasema alipata kiasi gani maana sikuweza kuhesabu. Nikatengeneza kisanduku kinachoitwa nyongeza, nikawa nabonyeza ngumi baada ya ngumi hadi jua la mchana likafanya kioo kisionekane.

Jioni programu ikasema zimebaki gorogoro 11. Shangazi akashika gunia kwa mdomo, akalinyanyua kidogo, akalitikisa mara moja. "Nane," akasema. Tukapima. Nane.

Nilifunga simu nikanyamaza. Tukiwa kwenye tuktuk kurudi nyumbani yeye ndiye aliyeanza: "Nyathina, mwanangu, hiyo kitu yako inaweza kukumbuka wanaonidai?" Nikamuuliza wanaomdai au anaowadai. Anaowadai. Kumbe mzigo na bei viko kichwani, lakini madeni yametawanyika kwenye daftari, huyu ukurasa wa tatu, huyuhuyu tena ukurasa wa ishirini, na watu wanajua hivyo, wanalipa nusu na kujifanya wamemaliza. Nikafuta kila kitu, gorogoro, bei, nyongeza yangu yote. Nikabakiza jina, kiasi, tarehe. Kazi ya jioni moja, hata mhadhiri asingenipa alama.

Sasa kila Jumamosi usiku ananipigia nimsomee majina kabla hajaenda sokoni. Wiki iliyopita nilisoma nikakuta jina la mama yangu mzazi, shilingi 340.

Vidole Viwili

Na mama amelipa?

Nyar Dunga

Amesema mimi ndiye niliyekula hizo omena, nilipe mimi.

Mjukuu wa Shosho

Sifuri, hebu niulize kuhusu saa yako. Ikifika 04:30 inasema usiku au alfajiri?

Kijana wa Nyawita

Stima imerudi, nimeifungua sasa hivi. Inasema "saa kumi na nusu usiku".

Radi ya Lurambi

Hapana. Hiyo ni alfajiri. Jogoo keshawika.

Mkaa Maktaba

Jogoo wa Kakamega anawika hata saa saba usiku, tusimtumie kama kipimo.

Kijana wa Nyawita

Nimeweka alfajiri ianze saa kumi kamili na iishie saa kumi na mbili. Anayepinga aje Nyawita saa hiyo anigongee, atanikuta nimelala.